Mama mkwe amezima runinga, na mwanangu ameacha swali la mtihani bila jibu

Ndugu Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Morogoro na mume wangu, na tangu baba mkwe alipofariki tunaishi pia na mama mkwe. Ninampenda na kumheshimu, naye hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja. Nalitanguliza hili ili usije ukadhani kwamba ninatafuta mbinu za kumshinda.

Tatizo letu limeanzia kwenye runinga. Mwanangu wa kwanza, ambaye ameingia Kidato cha Kwanza mwaka huu, anapenda vipindi vya wanyama kuliko anavyopenda mpira, nami nikishamaliza shughuli za jioni hukaa naye. Mama naye alikuwa akikaa nasi na kufurahi. Jioni moja walionyesha visiwa vya Galapagos, ambako vitoto vya iguana wa baharini, ambao ni jamii ya mijusi, huanguliwa mchangani, na mara vinapotokeza kichwa nyoka wengi hutoka kwenye nyufa za mawe kuvifukuza. Kitoto kimoja kilizingirwa na nyoka, tukajua kimekwisha, kisha kikachomoka na kupanda jabali, mama aliinuka kwenye kochi akipiga makofi na kusema, "Kimbia, mwanangu, kimbia!" Baadaye msimulizi akaeleza kwamba mababu wa iguana hao walikuwa mijusi wa nchi kavu waliofika kutoka bara la Amerika na kubadilika kwa muda wa mamilioni ya miaka. Mama akanyamaza. Akatuuliza kama tunaelewa tunachofundishwa, kwa sababu katika kikundi chake cha maombi wameambiwa kwamba vipindi hivyo ni njia ya kumwingizia mtoto fundisho kwamba binadamu alitokana na nyani na kwamba Mungu hayupo.

Tangu siku hiyo, mwanzoni alikuwa akiondoka sebuleni, na sasa huchukua rimoti na kuzima. Anasema picha zenyewe ni za kutengenezwa, tena anauliza kwa nini watu wanaozunguka dunia nzima wakitazama kazi za Mungu hawamtaji hata mara moja.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mwezi uliopita mwanangu alirudi na karatasi ya mtihani wa Historia, na swali lote linalohusu zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, alikuwa ameliacha wazi, ingawa mimi mwenyewe nilimsikia akimsimulia mdogo wake habari za Olduvai bila kukosea. Alisema bibi alimwambia kwamba kuandika majibu yale ni kumkana Mungu kwa mkono wake. Usiku akaniuliza, "Mama, tukiangalia simba tunatenda dhambi?" Sikuwa na jibu. Mimi ni Mkristo na ninasali, elimu yangu iliishia Kidato cha Nne, na kwa kweli sijui kama yanayosemwa katika vipindi hivyo ni kweli au si kweli. Mume wangu anasema mambo ya bibi na mjukuu huisha yenyewe. Nifanye nini?

Mama mwenye mashaka, Morogoro

---

Marahaba, binti yangu.

Nianze na mtihani, kwa kuwa ndio usioweza kusubiri. Mwalimu wa Historia anapouliza juu ya zamadamu, anataka kujua kama mtoto ameelewa yaliyochimbuliwa na yaliyoandikwa na wataalamu, wala hamwulizi anamwamini nani. Mtoto wa Kikristo husoma jinsi Uislamu ulivyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, na mtoto wa Kiislamu husoma habari za wamisionari wa Bagamoyo. Wote wawili huandika majibu sahihi, wakapata alama zao, na kila mmoja akarudi katika imani yake. Mwambie mwanao hivyo leo, kwa maneno mepesi, na umweleze kwamba swali aliloacha wazi alikuwa na haki kamili ya kulijibu. Kisha nenda ukamwone mwalimu wake, umweleze sababu, ili asimhesabu mtoto kuwa mvivu au mkaidi.

Umeniuliza pia kama mambo hayo ni kweli, na kwa kuwa umeuliza waziwazi nami nitakujibu waziwazi. Ndiyo, ni kweli. Kwamba viumbe hubadilika kizazi baada ya kizazi, na kwamba viumbe wote walio hai wana undugu wa mbali, ni jambo ambalo wanabiolojia wamelithibitisha kwa njia nyingi tangu Charles Darwin alipochapisha kitabu chake mwaka 1859, na sehemu kubwa ya ushahidi unaohusu binadamu imetoka katika udongo wetu. Julai 1959, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliona fuvu la zamadamu likichungulia ardhini katika Bonde la Olduvai, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, zilipatikana nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la ajabu la kutambua mifupa, aliokota kipande cha fuvu karibu na Ziwa Turkana, na kutokana na kipande hicho ikapatikana sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.

Lakini jambo aliloambiwa mama mkwe katika kikundi chake silo wanalolisema wataalamu. Hakuna mwanasayansi anayedai kwamba nyani mnaowaona kando ya barabara ya Mikumi, au sokwe wa Gombe, waligeuka kuwa watu. Wanachosema ni kwamba mtu na sokwe ni kama binamu: babu yao ni mmoja, aliyeishi takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, naye hakuwa mtu wala hakuwa sokwe wa leo, na tangu hapo kila ukoo umekwenda njia yake. Mama mkwe akisema kwamba hajawahi kumwona nyani akizaa mtu, yuko sahihi kabisa, na sayansi inakubaliana naye.

Kama mwanao anataka kuona mabadiliko haya mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa basi, mweleze habari za furu, samaki wa Ziwa Victoria. Ziwa hilo lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena, na katika muda huo ambao kwa hesabu za dunia ni mfupi sana, wametokea humo furu wa aina zinazokadiriwa kufikia 500 au zaidi, ambao hawapatikani kwingine kokote. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaovunja konokono kwa meno yaliyo kooni, na wapo wanaonyang'anya mayai na vifaranga kutoka kinywani mwa samaki jike wanaolea humo watoto wao. Katika miamba ya upande wa Mwanza wako furu wawili wanaokaribiana sana. Dume wa aina moja ana rangi ya buluu na hukaa karibu na uso wa maji. Dume wa aina ya pili ni mwekundu, hukaa chini kidogo, naye amepewa jina la kisayansi la *Pundamilia nyererei* kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Kule chini mwanga mwekundu ndio unaopenya vizuri zaidi, na macho ya furu wa huko yameelekea kuuona wekundu kwa wepesi, kwa hiyo jike humchagua dume mwekundu. Juu, jike humchagua wa buluu. Penye maji maangavu, kama kwenye Kisiwa cha Makobe, aina hizo mbili hubaki mbalimbali. Penye maji yaliyochafuka, majike hushindwa kutofautisha rangi, aina zikachanganyika, na madume wa rangi za katikati wakazaliwa. Hapo mtu huona kwa macho yake aina moja ikigawanyika kuwa mbili, na vilevile mbili zikirudi kuwa moja, na kilichoamua ni mwanga unaopita katika maji. Mimi sijaona katika runinga jambo linalonistaajabisha kuliko hili, na linatokea katika ziwa ambalo sisi tumezoea kulizungumzia kwa sababu ya sangara na sato.

Huenda mama mkwe atasema kwamba furu, pamoja na hayo yote, amebaki kuwa samaki. Ni hoja ya haki, na jibu lake ni kwamba miaka 15,000 ni michache mno kwa badiliko kubwa zaidi ya hilo. Kwa mabadiliko makubwa tunategemea visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika ardhini, pamoja na vinasaba vilivyo ndani ya miili yetu. Mfano mmoja tu: sokwe ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, 48 na mtu ana 46, na kromosomu moja ya mtu, ile inayoitwa ya pili, ina alama zilizo wazi kwamba zamani zilikuwa kromosomu mbili zikaungana.

Hata hivyo, sidhani kwamba kinachomuumiza mama mkwe ni mifupa au kromosomu. Nadhani anachokilinda ni heshima ya mjukuu wake. Katika kinywa cha wakoloni na wabaguzi, kumlinganisha Mwafrika na nyani halikuwa somo la Biolojia hata kidogo, lilikuwa tusi, na tusi hilo lilivikwa joho la sayansi. Mwaka 1906, kijana kutoka Kongo aliyeitwa Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, huko New York, ili watu waje kumtazama akiwa pamoja na orangutani. Waliosimama kumtetea walikuwa wachungaji weusi, akiwamo James Gordon, ambaye alisema kwamba watu wake wamedhalilishwa vya kutosha bila kuonyeshwa pamoja na nyani, na kwamba wao ni binadamu wenye roho; wachungaji hao walilipinga pia fundisho la Darwin, kwa sababu walikuwa wameletewa fundisho hilo likiwa ndani ya kizimba kile. Siwezi kuwalaumu. Mtu anayejua habari hii hawezi kumcheka bibi anayekasirika akisikia mjukuu wake akitajwa katika sentensi moja na nyani.

Lakini jambo ambalo wachungaji wale walilipigania, sayansi ya leo inalithibitisha. Inasema kwamba watu wote duniani ni wa aina moja, kwamba asili yao ni Afrika, na kwamba hakuna kabila wala rangi iliyo karibu zaidi na wanyama kuliko nyingine. Ule mchoro wa vitabuni wenye safu ya viumbe, mmoja ameinama, wa pili ameinuka kidogo, hadi wa mwisho anayetembea wima kama mfalme, umepotosha watu wengi kwa sababu unaonyesha mageuko, yaani huko kubadilika kwa viumbe, kama ngazi. Mwanao akiuona katika kitabu chake, mwambie achore mti wenye matawi.

Kuhusu imani, mama mkwe hayuko peke yake, na hata wanaotofautiana naye hawako nje ya dini. Mwaka 2006, matengenezo ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalipokuwa yakiendelea jijini Nairobi, viongozi wa makanisa ya kiinjili, wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo, walipinga mabaki ya yule kijana wa Turkana kuwekwa mbele ya umma kama ushahidi wa mageuko ya binadamu. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008 na mabaki hayo yakaonyeshwa. Upande wa pili, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliandika mwaka 1950 kwamba Wakatoliki wanaruhusiwa kuchunguza asili ya mwili wa binadamu kwa njia hii, maadamu wanashikilia kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili akasema kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Francis Collins, daktari aliyeongoza mradi wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu, ni Mkristo asiyeficha imani yake. Miongoni mwa Waislamu nako wapo wanaokataa kabisa, na wapo wanaokubali kwamba wanyama hubadilika huku wakiamini kwamba Adamu aliumbwa kwa namna ya pekee. Mwanao atakapouliza juu ya Adamu, na bila shaka atauliza, usimkatize. Mwambie kwamba waumini wa kweli wamelijibu swali hilo kwa njia zaidi ya moja, na umweleze unaloliamini wewe.

Sasa tuje kwenye vipindi vyenyewe. Mama mkwe anaposema picha zimetengenezwa, kuna sehemu ana haki, na ni vyema ukimkubalia mbele ya mtoto. Mwaka 2011 BBC ilionyesha vitoto vya dubu wa barafu pangoni katika kipindi cha maeneo ya ncha za dunia, na ikafahamika kwamba picha za pangoni zilipigwa katika bustani ya wanyama nchini Uholanzi. Hata ile mbio ya iguana iliyomfanya ainuke kwenye kochi iliunganishwa kutokana na picha za iguana zaidi ya mmoja, na waandaaji walilieleza wenyewe. Sauti nyingi za nyayo na za kutafuna hutiwa baadaye studio. Nyoka ni nyoka wa kweli na hatari ni ya kweli, ila kilichopangwa ni masimulizi. Kwa sababu hiyo sikushauri umpe mtoto runinga iwe ndiyo ushahidi wake. Runinga imfanye apende viumbe, na ushahidi aupate kwa kusoma na kwa kwenda kuona.

Kuhusu Mungu kutotajwa, David Attenborough, Mwingereza aliyesimulia vipindi vya namna hii tangu miaka ya 1950, ameeleza mara nyingi kwamba hupokea barua za kumwuliza swali hilohilo la mama mkwe. Hujibu kwamba watu hao huwa wanafikiria ndege wazuri na maua, ilhali yeye humfikiria pia mtoto wa Afrika Magharibi mwenye mnyoo unaomtoboa jicho na kumpofusha. Ni jibu zito, na halipaswi kutumiwa sebuleni kumnyamazisha mzee wa watu. Ninalotaka uelewe ni kwamba vipindi hivyo vinaeleza jinsi mambo yanavyotokea, na suala la nani aliyekusudia yatokee vinamwachia mtazamaji. Nafasi hiyo mama mkwe anaweza kuijaza yeye mwenyewe, na nadhani ataijaza vizuri kuliko msimulizi yeyote. Mwombe siku moja baada ya kipindi amsomee mjukuu wake sura ya 39 ya kitabu cha Ayubu, ambamo Mungu anamwonyesha Ayubu mbuzi wa majabali, punda-mwitu, mbuni na mwewe, au Zaburi ya 104, inayosema kwamba wana-simba hunguruma wakitafuta chakula chao kwa Mungu. Jibu la swali alilokuuliza mwanao usiku limo humo, na atalisikia kutoka kwa mtu anayemwogopa kumkosea.

Wa kuzungumza na mama mkwe si wewe. Mume wako ndiye mwanawe, na kauli yake kwamba mambo yataisha yenyewe imekwisha kupitwa na wakati tangu ile karatasi ya mtihani ilipoingia nyumbani. Amketishe mama yake peke yao, siku isiyo na ugomvi, amshukuru kwa kumlea mjukuu katika imani, kisha amwombe mambo mawili tu: asimfungamanishie mtoto mtihani na wokovu wake, na runinga isizimwe katika saa mtakazokubaliana. Asimwombe abadili anachoamini. Kama alikulia kijijini, mwanao amwulize habari za wanyama aliowaona utotoni, jinsi walivyolinda shamba dhidi ya ngedere na nguruwe-mwitu, na ndege gani walitangaza mvua. Ninyi mmejifunza kwa runinga mambo ambayo huenda yeye aliyaona kwa macho, na si haki ageuke mgeni katika mazungumzo ya wanyama ndani ya nyumba ya mwanawe.

Ikiwa kiongozi wa kikundi cha maombi atakuja kuwatembelea, mume wako ampokee kwa heshima na amwulize swali moja mbele ya mama: je, anawaagiza watoto wa waumini wake waache maswali ya mtihani bila majibu? Nadhani hatasema ndiyo, kwa sababu huenda naye ana watoto shuleni, na neno lake litamtuliza mama mkwe kuliko barua yangu. Fanyeni hivyo mapema, kwa maana mada ya mageuko ataikuta tena katika Biolojia kabla ya kumaliza Kidato cha Nne, na safari hiyo maswali yatakuwa marefu zaidi.